Usiku wa Jumanne

Kibao cha ofisi yangu kilikuwa na mistari miwili. Wa kwanza ulikuwa jina langu, herufi nyekundu zenye kivuli cheusi. Wa pili ulikuwa mtupu, na ulikaa mtupu wiki saba. Fundi wa maandishi ni shemeji yangu, mume wa dada. Kila alipopita mtaani na ngazi yake begani alipanda hadi chumba changu cha ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo, akasimama mlangoni na kulitazama lile pengo kama mtu anayetazama jino lililong'oka.

"Shemeji, niandike nini?"

"Andika, Wakili wa Mambo Yote."

"Mambo yote anayaweza Mungu, na yeye hana kibao."

"Basi subiri."

"Nasubiri, ila rangi inakauka koponi. Na dada yako kasema nikukumbushe: njia mbili zilimshinda fisi. Wewe umeshika tano. Anauliza wewe ni mnyama gani."

Nilicheka, kwa kuwa kucheka ni rahisi kuliko kujibu. Mezani nilikuwa na majalada matano, na kila moja lilitoka pembe yake ya dunia: talaka, kiwanja, mirathi, ajali ya pikipiki, na lile la Mama Pasi, ambaye alikuwa ameachishwa kazi. Niliyapokea yote kwa sababu yote yalibisha hodi.

Ofisi hii niliifungua kwa kishindo. Kabla yake nilikuwa kwa Nukta, wakili aliyenifundisha kazi kwa miaka minne. Jina hilo tulimpa makarani na mimi, maana alizungushia duara jekundu kila nukta iliyosahauliwa, hata kwenye bahasha. Siku niliyoondoka nilimwambia mbele ya ofisi nzima kwamba kwake watu wanazeeka wakihesabu nukta, na mimi sikuzaliwa kuhesabu. Alivua miwani akaifuta taratibu.

"Utashughulikia nini huko uendako?"

"Kila kitakachoingia mlangoni."

"Basi ujifunze kufunga mlango," akasema, akairudisha miwani usoni.

Maneno yale niliyabeba kama kokoto kiatuni. Nikaapa kwamba mstari wa pili wa kibao ukija kuandikwa, utaandikwa kitu cha kumfanya Nukta asimame ngazini asome mara mbili. Na wiki ya sita kitu hicho kilionekana kuja. Mfanyabiashara mmoja mwenye maduka manane ya vifaa vya ujenzi, mtaani wakimwita Tajiri wa Mabati, alikuwa anatafuta wakili mmoja wa kampuni zake zote. Aliahidi kuja kuniona Jumatano, saa nane mchana. Nikamwambia shemeji aje Alhamisi asubuhi na kopo jipya la rangi, aandike: Wakili wa Makampuni.

Kwa siku kumi nilisoma sheria za makampuni tu. Majalada mengine niliyasukuma pembeni. La Mama Pasi lilikuwa chini kabisa, lakini sikulisahau. Kwenye kalenda ya ukutani nilikuwa nimezungushia duara Alhamisi, tarehe tatu. Hiyo ndiyo ilikuwa siku yake ya mwisho. Anayeachishwa kazi ana siku thelathini za kufungua shauri katika baraza la kazi, tangu siku aliyokabidhiwa barua, na siku ya barua yenyewe haihesabiwi. Aliniambia barua alipewa usiku wa Jumanne. Jumanne ile ilikuwa tarehe tatu ya mwezi uliopita, mwezi wa siku thelathini. Hesabu ya mtoto wa shule. Nilimwita aje Jumatano kutia sahihi, ili Alhamisi asubuhi nipeleke.

Alikuja saa sita na robo, akihema kwa ngazi. Alikuwa mama mnene mwenye miguu iliyovimba, kwa sababu miaka kumi na tisa alikuwa amesimama mbele ya pasi ya mvuke katika kiwanda cha kufulia nguo za mahoteli, zamu ya usiku, akinyoosha mashuka ya watu waliolala. Barua ilisema ameiba mashuka kumi na mawili.

"Sikuja kutafuta kazi yao," alinieleza siku ya kwanza. "Kazi Mungu atatoa nyingine. Mimi sitaki kuzikwa na jina la mwizi wa mashuka. Wajukuu zangu watalalia nini, kama shuka ni neno la aibu nyumbani?"

Nikampa kiti, nikampa hati yake ya kiapo aisome. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Mimi nilikuwa napanga vikombe viwili kwa ajili ya Tajiri, nikijaribu vishikio viangalie upande gani.

"Mwanangu, hapa umekosea."

"Wapi, mama?"

"Umeandika nilipewa barua tarehe tatu. Barua nilipewa tarehe mbili."

"Uliniambia usiku wa Jumanne."

"Ndiyo. Usiku wa Jumanne."

"Na Jumanne ilikuwa tarehe tatu."

"Jumanne yenyewe, sawa. Lakini mimi sikupewa mchana. Zamu yetu inaingia saa mbili za usiku. Nimefika getini, mlinzi akanipa bahasha, nikatia sahihi kwenye daftari lake. Tarehe mbili, niliiona kwa macho yangu."

"Tarehe mbili ilikuwa Jumatatu. Huo ni usiku wa Jumatatu, mama."

Alinitazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyevaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto.

"Usiku wa Jumatatu ulishapita Jumapili, jua lilipozama. Kwani siku inaanzia wapi? Wewe hesabu ya siku ulifundishwa na nani?"

Nikabaki na kikombe mkononi. Sikufundishwa na mtu. Bibi yangu mzaa mama alizungumza vilevile. Akisema usiku wa Ijumaa, sisi wajukuu tulijua ni Alhamisi baada ya jua kuzama, na tulimcheka. Kisha nikaenda shule, nikaenda chuo, nikajifunza sheria kwa vitabu vinene, na usiku wa bibi ukanitoka kichwani kama wimbo wa kubembelezea mtoto. Mama Pasi alinipa tarehe sahihi tangu siku ya kwanza. Mimi ndiye niliyesikia Kiswahili changu badala ya chake.

Jumatatu, tarehe mbili. Siku thelathini. Nikahesabu kwa vidole chini ya meza, nikahesabu tena kwenye kalenda, kidole kikigonga ukuta. Mara zote mbili kiliangukia pale pale. Jumatano. Leo. Masjala ya baraza inafungwa saa tisa na nusu.

Woga haukunijia kwa kelele. Nikaona kesho: mimi kwenye dirisha la masjala na karatasi zangu safi, karani akitikisa kichwa. Kuomba muda uongezwe kunawezekana, lakini ni lazima useme sababu ya kuchelewa, na sababu ilikuwa mimi. Mwajiri angesimama na kusema, waheshimiwa, mwizi amechelewa. Na neno hilo lingebaki bila kujibiwa mpaka kaburini.

Halafu likaja jambo lililonitisha zaidi, kwa kuwa lilitoka ndani yangu. Si ningeweza kufuta tarehe kwenye hati, nikaandika maneno yake tu? Usiku wa Jumanne. Mdomoni mwake ni kweli, masikioni mwa baraza ni siku moja zaidi. Yeye angeapa bila kujua anachoapia, mimi ningempokea Tajiri saa nane, na kesho tungepeleka kwa nafasi. Mpaka siku mwajiri atakapoleta daftari la getini lenye sahihi yake na tarehe mbili pembeni. Hapo mwizi wa mashuka angekuwa pia mwongo wa kiapo.

Nikaweka kikombe chini, kikagonga sahani.

"Mama, siku ya mwisho si kesho. Ni leo. Nimehesabu vibaya."

Nje mtu alikuwa anakata kioo. Mlio wake ulipita katikati yetu.

"Leo saa ngapi?"

"Saa tisa na nusu."

"Na sasa ni saa ngapi?"

"Saba kasoro robo."

Akafunga mkoba wake. "Sasa tumekaa hapa tunatazamana, tunatafuta uchumba?"

Nilirekebisha tarehe, nikachapa upya kurasa mbili, mashine ikameza ya kwanza ikaitafuna. Nikaichapa tena, zikatoka zote mbili. Hati ya kiapo haina nguvu mpaka mteja aape mbele ya kamishna wa viapo, na kamishna huyo hawezi kuwa wakili wake mwenyewe. Niliyemzoea alikuwa mtaa wa pili. Tukaenda. Barabara ilikuwa imechimbwa kwa ajili ya mabomba ya maji, hakuna gari lililopita, na miguu ya Mama Pasi haikujua haraka. Mimi nilikuwa nikipiga hatua kumi, nasimama, namsubiri, narudi nyuma, kama mbwa aliyefungwa kamba.

"Tulia," akasema. "Ukianguka shimoni, nitabaki na kesi bila wakili."

"Tutachelewa, mama."

"Nimesimama miaka kumi na tisa. Kutembea nitatembea."

Kwenye mlango wa kamishna palikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa gundi: Narudi kesho. Nililisoma neno kesho mara tatu. Nilijua kamishna mwingine mmoja tu katika mitaa ile. Ofisi yake ilikuwa na ngazi za mawe nilizozipanda miaka minne, na niliwahi kujiambia nitazipanda tena siku moja tu, siku ya kununua jengo.

Karani wa mapokezi aliponiona akaacha kuandika. "Leo umekuja kutuhesabia nini, mheshimiwa?"

"Naomba kumwona. Ni kiapo tu."

"Ana mteja. Kaa."

Tukakaa. Saa ya ukutani kwa Nukta ina mshale wa sekunde unaoruka badala ya kutembea, na kila ulipochupa nilihisi umenichoma. Saa nane kamili simu ikatetemeka mfukoni. Tajiri wa Mabati.

"Wakili, niko mlangoni kwako. Mbona kumefungwa?"

"Samahani, mzee wangu. Nimepatwa na dharura. Nipe mpaka saa kumi."

"Dharura ya nani?"

Nikamtazama Mama Pasi, aliyekuwa amevua kiatu kimoja akijisugua kisigino. "Ya mteja," nikasema.

"Mimi je, nilikuwa nije kuwa nani?" Akakata.

Saa nane na nusu mlango ukafunguliwa. Nukta hakuonyesha kushangaa. Aliinyoosha hati mezani kwa viganja viwili, akaanza kusoma, na sikuwahi kumwona mtu akisoma polepole vile. Alipofika ukurasa wa pili akachukua kalamu nyekundu. Akikataa ukurasa, nitarudi kuchapa wapi?

"Barua ilipokewa tarehe mbili," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Leo tarehe ngapi?"

"Mbili."

Akainua uso. Nilitamani anitukane, ningejua pa kushika. Hakunitukana.

"Aliniambia usiku wa Jumanne," nikasema.

"Na wewe ukahesabu Jumanne." Akamgeukia Mama Pasi. "Zamu ya usiku, mama?"

"Miaka kumi na tisa."

"Wenye zamu ya usiku wana kalenda yao," akaniambia. "Ukishika kesi zao, swali la kwanza si jina. Swali la kwanza ni usiku upi. Mimi nilifundishwa hilo na mteja niliyempoteza. Kwa siku moja."

Miaka minne sikuwahi kulisikia. Nilitaka kuuliza, lakini alikuwa ameshamwambia Mama Pasi ainue mkono na kuapa. Akatia nukta mwisho wa aya ya sita, mahali nilipoisahau, akatuambia tuweke herufi za mwanzo za majina yetu pembeni yake, akagonga muhuri wake.

"Umeshaamua unashughulikia nini?" akaniuliza nikiwa mlangoni.

Nilikuwa nimeshamshika Mama Pasi mkono, tunashuka ngazi.

Masjala iko nyuma ya jengo la baraza, chini ya ngazi. Tulifika saa tisa na dakika ishirini na mbili, nikiwa nimembebea Mama Pasi mkoba na kiatu kimoja. Dirisha lilikuwa wazi nusu. Karani, binti mwenye miwani mikubwa, alikuwa anafunga droo.

"Tumeshafunga."

"Bado dakika nane."

"Njoo kesho, nakupokelea wa kwanza."

"Kesho haifai. Muda wake unakwisha leo."

Akavuta hati kwa ncha za vidole, akachukua muhuri wa tarehe, akautazama, akaurudisha chini. "Nimeshaugeuza. Unasoma kesho."

Sikuelewa. Akauinua nikaona: yale magurudumu madogo ya mpira alikuwa ameyazungusha tayari, muhuri unasoma tarehe tatu. Kila jioni huugeuza kabla ya kuondoka, akaeleza, ili asubuhi asisahau. Leo ameugeuza mapema.

"Urudishe nyuma."

"Muhuri wa serikali haurudishwi nyuma, kaka. Nikifanya hivyo kwako, kila mtu atakuja na siku yake."

Kila hoja niliyoijua ilikuwa ya kugombana, na nikigombana dirisha litafungwa. Saa ya ukutani ndani ilisema tisa na dakika ishirini na sita.

Mama Pasi akanisogeza kwa bega.

"Binti yangu, kazi yako inakwisha saa ngapi?"

"Tisa na nusu, mama."

"Na ukitoka dakika nne kabla, mkubwa wako akakuona, atakwambiaje?"

Binti akauweka muhuri mezani.

"Mimi walinikuta na mashuka kumi na mawili juu ya meza saa kumi na moja alfajiri. Nilikuwa sijamaliza kuyanyoosha. Zamu ilikuwa bado haijaisha, lakini msimamizi aliandika imeisha, kwa hiyo mashuka yakawa yameibwa. Dakika chache tu, mwanangu. Hivyo ndivyo nilivyogeuzwa mwizi. Sikuombi unipe siku yangu mimi. Nakuomba hii ya leo, ambayo hata wewe bado uko ndani yake."

Karani akaitazama saa. Akatazama mlango wa mkubwa wake. Kisha akachukua penseli, akaanza kusukuma gurudumu kwa ncha yake. Likakwama katikati, nusu mbili nusu tatu, na mimi nikashika ukingo wa dirisha. Akasukuma tena. Likalia tik. Akajaribu kwenye karatasi ya takataka: mbili. Akagonga hati, akagonga nakala yetu, akaandika pembeni saa tisa na dakika ishirini na tisa, na kutia sahihi.

"Msinizoee," akasema, akashusha dirisha.

Mama Pasi alikaa kwenye ngazi akavaa kiatu. Mimi nilikaa kando yake, nakala mkononi, nikihesabu upya kwa vidole. Kwenye simu kulikuwa na ujumbe wa Tajiri: nimepata mwingine.

"Unahesabu nini tena, na tumeshapokelewa?" akauliza.

"Nina majalada mengine manne, mama."

"Nayo umeyahesabu kwa Kiswahili gani?"

Nilirudi ofisini nikiwa peke yangu, jua bado liko juu, nikayafungua moja moja. La mirathi lilikuwa limebakiza siku tisa. La kiwanja sikujua hata siku zake zinaanza kuhesabiwa lini, na kutojua huko kulinitisha kuliko kuchelewa. Kila jalada lilikuwa na mtu ndani yake, na kila mtu alikuwa amenipa usiku wake nami nikaandika wangu. Nilikaa nao mpaka wenye duka la vioo wakashusha mlango wao wa chuma.

Alhamisi asubuhi shemeji alikuja na kopo lake.

"Makampuni, sivyo? Nimeshaipima, inaenea vizuri."

"Andika, Wakili wa Kesi za Wafanyakazi."

Akahesabu hewani kwa brashi. "Zimeongezeka herufi. Hii itanibana." Akanitazama vizuri. "Una nini? Unafanana na mtu aliyeona nyoka."

"Nimemwona."

"Amekuuma?"

"Amenikosa."

"Basi dada yako nimwambie fisi kashika njia moja." Akachovya brashi.

Nikayachukua majalada manne, nikayabana kwapani, nikaanza kushuka kuyapeleka kwa Nukta. Alikuwa na watu wa mirathi na watu wa ardhi waliojua kuhesabu. Nilikuwa nikipanga maneno ya kumwambia, na kila neno lililofaa lilikuwa chungu, nikayatema yote nikabakiza moja: naomba.

Katikati ya ngazi nikakutana na mwanamume aliyevaa koti la mlinzi, kofia mkononi, macho mekundu kwa kukesha. Alikuwa ametazama juu, anasoma herufi moja moja kadiri shemeji anavyoziweka.

"Samahani, bwana. Wewe ndiye wa kesi za kazi?"

"Ndiye mimi. Ukipanda usiguse mlango, rangi mbichi."

"Nimefukuzwa," akasema. "Barua wamenipa usiku wa Jumamosi."

Nikaweka majalada chini kwenye ngazi, nikatoa kalamu.

"Usiku upi, ndugu yangu? Jua lilikuwa limezama la siku gani?"